Gurudumu la Ukasha na Nusu ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mwangani, alitawala Sultani Harithi, mpenda kuwapa mtaji watu wenye akili mpya. Aliyepewa alitoa nusu ya pato lake maisha yote. Na aliyeomba akashindwa kumridhisha, karakana yake ilitwaliwa.

Basi Ukasha, seremala fukara, alibuni gurudumu la kupandisha maji kisimani kwa nguvu za punda. Akili alikuwa nayo, mbao hakuwa nazo. Akaenda barazani, akaeleza.

Waziri akamkatiza. "Na wenzio wakikuiga? Punda wamejaa mji huu, hata humu barazani hatuwakosi."

"Hilo sikulisema mimi, Bwana Waziri."

Sultani akanena, "Ewe Ukasha, mimi situpi fedha gizani. Nitafutie kazi ambayo hakuna awezaye kuiiga. Tena nionyeshe mtu aliyekwisha kuifanya akatajirika."

"Seyyid, kama yupo aliyekwisha kutajirika nayo, watu watakosaje kumwiga?"

"Siku tatu. Ukishindwa, karakana ni yangu."

Ikawa siku ya tatu asubuhi, Ukasha akajitwika kiti, akaenda kuketi mlangoni pa soko. Kila aliyepita na kikapu, Ukasha alimwambia, "Weka nusu hapa, kisha uende salama."

"Una wazimu, baba?" akauliza muuza kunde. "Nusu kwa kazi gani uliyofanya?"

"Nimeketi, mama."

Kabla ya adhuhuri askari walimfunga kamba, wakamfikisha kwa Sultani.

"Wathubutu kutoza watu nusu katika mji wangu!"

"Seyyid, nimetii amri. Kazi uliyoitaka nimeiona: kuketi kitini na kuchukua nusu ya jasho la wengine. Aliyetajirika nayo ni wewe. Na kwamba haiigiki, nimejaribu mwenyewe. Kamba hizi ndizo ushahidi."

Waziri akamtazama Sultani usoni, apate kujua kama acheke. Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Ndipo Waziri naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Karakana yake isiguswe," akasema Sultani, "na apewe mbao. Nami nitachukua robo tu. Wakubali?"

Ukasha akaitazama mikono yake. "Seyyid, kwanza nifunguliwe. Aliyefungwa kamba hukubali kila bei."

Akafunguliwa, na mapatano yakaanza upya. Ikawa sehemu moja ya kumi. Hapo ndipo ngano hii inapotua mzigo wake.