Mwenyeji Asiyetoa Maji

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja kando ya mto Furati palikuwa na shirika la watengeneza ngozi. Washirika walikuwa watano, na wakili wao, msimamizi wa kazi zote, alikuwa mja mwema aitwaye Zurara bin Mihjan. Maji machafu ya ngozi na chokaa yalimwagwa mferejini, na maji ya mfereji huo ndiyo waliyokunywa watu wa mtaa wa chini.

Miaka kumi na miwili Zurara aliyaona hayo akanyamaza. Kisha moyo ukamsuta, akawaomba washirika wachimbe mashimo mbali na mfereji. Shaddad, mkubwa wao, akamjibu, "Wewe ni wakili wetu sisi tulioweka mali. Watu wa chini wameweka nini?"

 Zurara akaacha kazi, akahamia mtaa wa chini, akawa anakunywa wanachokunywa wao.

Ndugu zangu, msidhani alipokewa kwa vigelegele. Wa juu walimwita msaliti, wa chini wakamdhania jasusi. Baada ya sala ya Ijumaa watu walipeana mikono, yeye akatoka peke yake. Akiingia nyumbani alitoa salamu kama tulivyofunzwa, na hapakuwa na wa kuitikia. Upweke ulimuuma hata akalia, lakini hakurudi juu. Mwaka mzima alisubiri.

Siku ya Idd washirika wakaona haya kumtenga siku kama ile, wakashuka kumtembelea. Jua lilikuwa kali. Zurara alifurahi kupita kiasi, akawatandikia mkeka, akawaandalia tende. Wakala, wakangoja maji. Hayakuja.

Shaddad akakasirika. "Yaa Zurara, mgeni hapewi hata maji? Adabu umeziacha wapi?"

Zurara akainamisha kichwa. "Maji yamo mtungini, nami huyanywa. Lakini nyinyi ni wageni wangu, nimeona haya kuwapa."

"Na jirani zako je?"

"Hao hakuna aliyewaonea haya, yaa Shaddad. Na wa kwanza ni mimi, miaka kumi na miwili."

Shaddad akatema tende iliyokuwa kinywani, akalia mbele ya wenzake. Mwezi ule ule mashimo yakachimbwa. Maji yalipotakata, mama mmoja wa jirani akabisha hodi kwa Zurara, wa kwanza wa mtaa huo tangu ahamie, akasema, "Assalamu alaykum, baba. Karibu kwetu ule chakula." Wanasema alichelewa kuitikia, kwa kilio.

Nasi leo tunakaa vikaoni, tunaulizana kampuni imtumikie nani, na jibu letu huishia kwa waliomo chumbani. Mola atujaalie kuwaonea haya na wasiokuwamo.