Mawe Matatu ya Mghoi

Sogeeni motoni, wenye masikio. Atakayesinzia asinilaumu.

Kijiji kimoja kilijenga kanisa, na kila muumini alibeba mawe kutoka mtoni. Mama mmoja, Mghoi, aliwapita wote. Matatu mazuri kuliko yote aliyatia kikapuni ili aje amwonyeshe Mungu, na hakutoka nyumbani bila kikapu hicho.

Siku moja akatumbukia katika shimo la zimwi. Humo alimkuta Mwadime, mlevi wa kijiji. Kamba ya nuru ikashuka, na sauti ikasema, "Shikeni kwa mikono miwili."

Mwadime hakuwa na chochote. Akashika, akapaa huku analia.

"Mghoi, tua kikapu, ushike."

"Bwana, haya ni mawe ya kanisa lako."

"Tua, mwanangu."

"Nije mikono mitupu kama yule mlevi?"

"Tua, nakuomba."

Mghoi akakikumbatia kikapu. "Nivute nacho."

Kamba ikapanda peke yake.

Zimwi likarudi na chungu na kuni. Miaka yote lilikuwa likila nyama mbichi, maana shimoni hamkuwa na mawe ya kutelekea chungu. Likachungulia kikapuni, likatabasamu.

"Asante, mama. Umeniletea mafiga."