Sikio la Bi Mwanamize na Somo wa Kitukuu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi ninayo; jibu sinalo.

Muheza palikuwa na wanawake watatu, na majina yao nayataja kamili, kwa kuwa majina ndiyo kesi yenyewe. Mwantumu binti Shekalaghe alikuwa sonara, na mkono wake haukujua kutetemeka. Siwema binti Mbaruku alikuwa fundi wa simu, na jicho lake liliona ubovu pale wengine walipoona uzima. Mwajabu binti Kombo alipika vitumbua. Huyu hakuwa na ufundi wa vyuma, ila kitu alichokipenda hakukitupa.

Bi Mwanamize binti Sengondo, mwenye miaka themanini na miwili, alisikia kwa kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Jumatatu mjukuu wake Zena alijifungua mtoto wa kike. Jumanne kifaa kikafa. Siku ya saba mtoto angepewa jina, na katika nyumba ile mkubwa wa ukoo ndiye humpakata na kulitaja mbele ya watu. Bi Mwanamize akamtazama kitukuu akipanua kinywa na kurusha miguu. Hakusikia kitu. Akajiona siku ile atakaa kama gogo katika shughuli yake mwenyewe.

Akaenda dukani alikokinunua. Muuzaji akamwandikia kwenye karatasi: "Hiki hakitengenezwi, bibi. Kimegandishwa kiwandani, hakifunguki. Chukua kipya chenye akili bandia. Kinachagua chenyewe sauti za kukusikilizisha, unalipia kila mwezi."

"Nisipolipa?"

"Kinajizima," akaandika.

Bi Mwanamize akavua miwani. "Yaani sikio langu mwenyewe nilipange kama chumba? Na maneno ya kusikia nichaguliwe?"

Muuzaji akacheka, akaandika: "Basi kipeleke kwa sonara."

"Nitakipeleka," akasema, na karatasi akaichukua.

Alipofika mtaani akatangaza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Atakayelifufua sikio hili, mtoto wa Zena ni somo wake!" Na kule kwao somo si jambo la mchezo. Mtoto hubeba jina lako, nawe unakuwa wake hadi kaburini.

Kwa sonara akaenda kweli. Mwantumu alikata gundi ya lile ganda kwa wembe wa kuchongea dhahabu, siku mbili, unywele kwa unywele. Mkono mwingine ungelipasua, na vilivyomo vingekatika. Kisichofunguka kikafunguka.

Siwema akakipokea, akaweka lenzi jichoni, akapima njia za umeme moja baada ya nyingine hadi akaupata ubovu: spika ndogo kama punje ya ulezi, imeungua. "Vingine vyote vizima," akasema. "Lakini punje hii haiuzwi popote."

Habari zikafika kwenye vitumbua. Mwajabu akaepua kikaango, akaja na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na kifaa cha marehemu mama yake, cha aina ile ile. Betri ilivuja zamani ikakila, lakini spika ilikuwa hai. Kila Ijumaa Mwajabu alikitoa, akakifuta, akakirudisha.

"Dada, nikikifungua hiki hakirudi kama kilivyo," Siwema akamwonya.

Mwajabu akageuza uso. "Fungua."

Siwema akailehemu spika ile mahali pake, Mwantumu akafunga ganda. Jumamosi alasiri Bi Mwanamize akakivaa, na cha kwanza kumwingia kikawa kilio cha kitukuu. "Mh! Huyu ana sauti ya kugombana na wenye maduka," akasema, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Jumapili watu wakajaa. Karatasi ya muuzaji ilibandikwa mlangoni kila mtu aisome. Lakini kabla ya jina, maneno yakaanza.

"Mlango usingefunguliwa, nani angeingia?" akauliza Mwantumu.

"Anayeingia asijue anachotafuta ni mwizi tu, shoga yangu," Siwema akajibu. "Mimi nilijua."

"Ulijua, ukakaa na kujua kwako!" Mwantumu akamrudishia. "Wewe Mwajabu, mbona kimya?"

Mwajabu alikuwa akikunja leso. "Nyinyi mmefungua kifaa. Mimi nimemfungua mama yangu."

Zena akasema taratibu, "Bibi, si tumpe majina yote matatu?"

"Somo ni mmoja. Siku mtoto akifukuzwa na dunia, lazima ajue mlango wa kukimbilia. Milango mitatu, kila mwenye nyumba atadhani kafunguliwa kwa mwenzake."

"Basi aitwe Mwanamize."

"Nitoe ahadi, kisha nijilipe mwenyewe? Sitaki."

Ndipo kila mtu akawa hakimu. Wazee huku, vijana kule, hata mpiga picha akatoa hukumu. Bi Mwanamize akawasikiliza wote, neno kwa neno, maana sasa aliweza. Kisha akapeleka kidole nyuma ya sikio, akakizima kifaa.

"Sichaguliwi," akasema.

Akampakata mtoto. Mbele yake walisimama Mwantumu aliyefungua, Siwema aliyeona, na Mwajabu aliyetoa. Mmoja angekosekana, bibi angekuwa amepakata ukimya. Akainamisha kinywa hadi kwenye kile kisikio kidogo, ambacho hakijafungwa na kiwanda chochote, akavuta pumzi.

Haya, msikilizaji. Mtoto anangoja, na bibi hasikii ushauri wa mtu. Kama kinywa kile kingekuwa chako, je, ungemnong'oneza jina la nani?