Kokwa Mbili za Bi Unaysa

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mitende huko Iraq alikuwako Sheikh Nuaym bin Harith, hafidhi wa Qur'ani aliyesomesha miaka arubaini. Na darsa yake ilikuwa na ada moja, ndugu zangu, ada ngumu kweli: mwanafunzi akikosea na mwenzake akamsahihisha, aliyekosea huinuka akaenda kuketi nyuma ya aliyemsahihisha. Hapakuwa na cha mtoto wa kadhi wala cha mtoto wa mchukuzi. Umekosea, inuka.

Basi akaja Bi Unaysa, muoka mikate, mjane wa miaka sitini na kitu. Tangu usichana wake alitamani kuhifadhi Qur'ani, lakini tanuri halimngoji mtu, na watoto saba hawalelewi kwa kutamani. Watoto walipokua akasema, sasa zamu yangu. Sheikh akampa nafasi mlangoni, mwisho kabisa, penye viatu. Hakujua kusoma wala kuandika. Alihifadhi kwa kusikiliza, na kwa kila sura alikuwa na kifuko chake cha kokwa za tende, kokwa moja kwa kila aya. Aya ikipita, kokwa hutoka kifukoni ikaingia bakulini. Ta! Ta! Ta!

Vijana wa safu ya mbele wakachoshwa na ile ta-ta-ta. Wakamlalamikia Sheikh kwamba bibi huyu ameigeuza darsa kuwa jiko. Sheikh, naye ni binadamu, akamuonya mbele ya watu: akiikatiza darsa mara moja tu zaidi, abaki na tanuri lake. Bi Unaysa akaitikia kwa adabu, akatandika kitambaa ndani ya bakuli ili kokwa zisilie. Akalia yeye, kwa siri.

Ikafika siku ya wageni. Maulamaa wa miji ya jirani wamejaa tele, na Sheikh anasoma Suratu Rahman kwa sauti ya kuliza watu. Mnaijua sura hiyo, jinsi aya moja inavyorudi na kurudi. Akamaliza, watu wanafuta machozi, na Bi Unaysa anachungulia kifukoni: kokwa mbili zimebaki!

Hebu jiwekeni mahali pake. Kwanza alidhani amekosea yeye. Akaipitia sura moyoni, akaiona aya iliyorukwa na ile inayorudi baada yake. Akinyamaza, nafasi yake salama. Akisema, darsa aliyoingoja umri mzima imekwenda. Kisha akainua mkono wake wenye makovu ya tanuri.

"Sheikh wangu, niwie radhi. Kokwa zangu mbili hazijasomewa."

Kijana mmoja akainuka kumtoa nje. Sheikh akamzuia, akamtaka mama asome. Akasoma, na aya iliyopotea ikatoka kinywani mwake nzima, haina kasoro. Sheikh akawageukia wa safu ya mbele, akawauliza kama hawakusikia. Wakakiri kwamba walisikia, ila waliona haya. Nani angethubutu kumweka mwalimu nyuma yake mbele ya wageni?

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo ninapopapenda! Sheikh Nuaym akainuka kwenye mswala wake, akashika bakora, akapita katikati ya maulamaa wote mpaka mlangoni, akasogeza viatu, akaketi nyuma ya Bi Unaysa.

"Nilikuambia ukiikatiza darsa ubaki nyumbani," alisema. "Nisamehe, mama. Aliyeikatiza ni mimi. Endelea, nakusikiliza."

Wallahi, mji mzima ulizizima! Kesho yake mlangoni hapakuwa na pa kuweka mguu: wachukuzi, wafua nguo, mzee kipofu na mkewe, kila mmoja na kifuko chake cha kokwa. Vijana wale wale waliolalamika ndio waliowapisha kwenye mikeka. Na Sheikh aliomba zile kokwa mbili, akazitia mfukoni mwa kanzu yake, na hakufungua darsa tena mpaka azishike kwanza.

Basi, ndugu zangu, mkimwona mtu mzima anabisha hodi kwenye elimu, msimwambie amechelewa. Huenda aya uliyoiruka wewe anayo yeye kifukoni.