Mwezi Aliouona Shuaibu

Wametusimulia walimu wetu, nao wakipokea kutoka kwa waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya Yemen, aliishi mja wa Mwenyezi Mungu aitwaye Shuaibu bin Nafii. Alikuwa mtu wa ibada na mpole wa ulimi, na Mola alikuwa amemjaalia macho makali. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyeutazamia mji wake mwezi mwandamo. Kila ishirini na tisa ya Shaabani watu walipanda naye kilimani jua likichwa, wakanyamaza, wakautazama uso wake badala ya kutazama mbingu. Akisema, "Ule pale," mji mzima ulifunga. Akitikisa kichwa, walikula.

Kisha akahamia pale mtengeneza ngozi mmoja, Dhakwani bin Wahbi, mgeni asiye na jamaa, ambaye nguo zake hazikuishiwa harufu ya kazi yake. Mwezi wa Rajabu ulipoandama, Dhakwani aliuona kabla ya Shuaibu. Wa Shaabani vivyo hivyo. Watu wakaanza kusema sokoni, "Mji umepata jicho jipya."

Maneno hayo yalimkwama Shuaibu kooni, hayamezeki wala hayatemeki. Akisujudu, humkumbuka Dhakwani. Akiketi kula, humkumbuka Dhakwani. Harufu ya ngozi ikipita mlangoni kwake, huufunga mlango. Nafsi yake ikawa inamwambia, "Yule ana ngozi zake. Wewe ukinyang'anywa hili, umebaki na nini?"

Ikafika ishirini na tisa ya Shaabani. Watu walipanda kilimani, na pamoja nao Kadhi Abdulmuizi, mzee mchamungu aliyesimamia hukumu za mji ule. Magharibi kulikuwa na mawingu mazito, yameacha upenyo mdogo tu. Ghafla Dhakwani akanyoosha kidole.

"Ule pale! Kuliani mwa kilele, juu yake kidogo."

Watu wakakodoa macho, wasione kitu. Shuaibu akafuata kidole kile, na akauona. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, lakini ulikuwepo, hauna shaka. Mara wingu likaufunika.

Kadhi hakuwa bado ameuthibitisha uadilifu wa mgeni yule kiasi cha kuufungisha mji kwa neno lake peke yake. Akamgeukia Shuaibu.

"Nawe, umeuona?"

Shuaibu akahisi macho yote yamemrudia kama zamani. Akasema, "Sikuona kitu."

Basi Kadhi akaamuru Shaabani itimizwe siku thelathini, watu wakateremka. Dhakwani hakubishana. Alinuia kufunga peke yake, kwa kuwa yeye ameuona.

Asubuhi yake sokoni walimcheka. "Huyu ana Ramadhani yake nyumbani!" Yeye akaendelea kukwangua ngozi zake, midomo imekauka. Shuaibu alipopita, muuza tende mmoja akamnyooshea tende, akasema kwa sauti, "Kula, sheikh wetu, uwaonyeshe wageni!" Watu wakamtazama. Shuaibu aliona kwamba akikataa, kukataa kwake ni ushahidi. Akaitia tende mdomoni, akatafuna, akameza, hali anajua ni siku gani. Alisema baadaye kwamba katika umri wake hakuwahi kula kitu kichungu kuliko tende ile.

Akarudi nyumbani na kufunga mlango. Haukupita muda, akasikia hodi. Alikuwa Dhakwani.

"Sheikh, nimekuja unisaidie," alisema, amesimama kizingitini, hataki kuingia na nguo zake za kazi. "Tangu jana najishuku. Huenda macho yamenidanganya."

Shuaibu akatafuta jibu lisilo kweli wala uongo. "Ndugu yangu, kila mtu na jicho lake. Aliyeuona, kwake umeandama. Asiyeuona, kwake haujaandama. Wewe funga, sisi tule, na sote tumo katika haki."

Dhakwani akainamisha kichwa. "Nisamehe, sheikh, mimi si msomi. Lakini sikusema nimeuona mwezi wangu. Nilisema nimeuona mwezi. Ama ulikuwepo, na mji mzima leo unakula mchana wa Ramadhani. Ama haukuwepo, na mimi nimewashuhudilia Waislamu uongo. Hayawi yote mawili. Macho yako ni bora kuliko yangu, na wewe ni mkweli kuliko mimi. Niambie tu kwamba haukuwepo, nitubu kwa Mola wangu, na wallahi sitapanda tena kilima kile."

 Lile alilolitamani Shuaibu miezi miwili lilikuwa mbele yake: neno moja, na kilima kinarudi kuwa chake. Akamtazama mtu yule aliyekuwa tayari kuyakana macho yake mwenyewe kwa kumwamini yeye, akaona haya, haya iliyoishinda husuda yake.

"Ulikuwepo," alisema. "Niliuona. Kidole chako ndicho kilichonionyesha, na hilo ndilo lililoniuma."

Dhakwani akaketi pale pale kizingitini, akafunika uso kwa mikono. Hakusema neno la lawama. Alisema tu, "Basi twende upesi, watu wanakula."

Wakamkuta Kadhi msikitini, watu wamekusanyika kwa swala ya adhuhuri. Shuaibu akasimama mbele yao akaeleza yote: mwezi, husuda, na tende. Msikiti ukavuma. Mzee mmoja akalia, "Umetulisha Ramadhani, Shuaibu!"

Kadhi akainua mkono. "Jana ulikuwa mwadilifu, ukasema uongo. Leo umejivunjia uadilifu, unadai unasema kweli. Niuchukue ushahidi upi?"

"Usiuchukue wangu, ewe Kadhi," alijibu Shuaibu. "Mchukue huyu. Sijaona kwake doa lolote, nami nimemchunguza kama hasidi anavyochunguza."

Kadhi akaupokea ushahidi wa Dhakwani. Akatangaza kwamba watu wajizuie kula hadi jua lichwe, na siku ile wailipe baada ya Idi. Naye Shuaibu, Kadhi akamwamuru atubu, ailipe siku yake, na asipande kilimani hadi mwaka upinduke. Jioni ile mbingu ilikuwa safi, na mwezi ukaonekana na wote, umenona na uko juu, mwezi wa siku ya pili.

Inasemekana Shuaibu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipoulizwa kama husuda ilimtoka, alisema, "Huja. Ikija, humwombea Dhakwani dua kwa jina lake, hadi ione kuwa imekosea nyumba."

Ndugu zangu katika imani, hasidi si kipofu. Angekuwa kipofu angekuwa na udhuru. Yeye huiona haki mahali ilipo, tena huiona vizuri, kisha husema kila mtu na haki yake, ili asiulizwe aliona nini. Nasi tutaulizwa. Ewe Mola, tuonyeshe kweli, na utupe moyo wa kuikiri hata ikionyeshwa na kidole tusichokipenda.