Shikamoo ya Bibi Mwanaheri

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Nawaletea kesi iliyonishinda mwenyewe, na tangu inishinde sina raha.

Bibi Mwanaheri wa milima ya Usambara alikuwa na wajukuu watatu. Ziada alijaliwa masikio: jirani akipiga chafya ng'ambo ya bonde, atakwambia ni nani. Sufiani alijaliwa bega. Gari likikwama kwenye matope huitwa yeye kwanza. Mwajabu alijaliwa ubishi. Msicheke, na ubishi ni kipaji ukitumika mahali pake.

Mwaka huo Idi ya kuchinja iliangukia katikati ya baridi, ukungu hauondoki mpaka adhuhuri. Ndugu walifurika kutoka Tanga na Dar es Salaam, na kila aliyeingia alimwinamia bibi, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia "Marahaba, marahaba," mpaka sauti ikamkauka. Ziada alipomshika mikono aliikuta ya baridi kabisa. Akamhurumia. Akamlaza chumbani, akamwekea jiko la mkaa uliokolea, akafunga dirisha. Bibi akatia komeo kwa ndani kukwepa kelele za watoto, na Ziada akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Akaenda zake jikoni, moyo mweupe.

Ilipata saa tano. Ziada anapita koridoni na sinia la pilau, akasikia sauti ya bibi chumbani.

"Shikamoo."

Ziada akasimama. Bibi alikuwa na miaka tisini na mitatu. Katika ukoo mzima, na kijiji kizima, hakubaki mtu wa kuamkiwa na bibi; wakubwa zake wote walikuwa makaburini. Chumbani pakawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza anachojibiwa. Kisha bibi akacheka, kicheko chembamba cha msichana, akaitika:

"Abee, mama. Nakuja."

Sinia likamponyoka Ziada. "Bibi! Bibi, fungua!" Alipiga ukelele nyumba nzima ikakimbilia koridoni. Asingesikia yeye, bibi angekuja kuamshwa wakati wa chakula, na wangekuwa wamechelewa.

Mlango ulikuwa wa mvule, na komeo la chuma. Wajomba wawili walishausukuma bila mafanikio. Sufiani akarudi nyuma hatua tatu, akaupiga bega. Hola! Mara ya pili mfupa ulilia kwa sauti, kila mtu akausikia. Mara ya tatu alitumia bega lilelile lililovunjika, mlango ukaanguka pamoja naye. Ndani hapakuwa na moshi wala harufu, makaa mekundu tu. Bibi alikuwa amezimia, mkono mmoja unaning'inia pembeni mwa kitanda, vidole vimekunjwa kana kwamba kuna aliyevishika. Sufiani akambeba kwa mkono uliobaki hadi uani.

"Mrudisheni ndani! Baridi itamuua!" alilia shangazi Zaina, blanketi mkononi, ndugu kumi nyuma yake. Mwajabu akauziba mlango wa nyumba kwa mwili wake. Alifanya usafi kwenye zahanati miaka sita, na aliwahi kuona watu wakiletwa katika hali hiyo.

"Harudi ndani," alisema. "Mkaa una sumu, haionekani wala hainuki. Mfunikeni hapohapo kwenye upepo, na gari lije apelekwe hospitali."

"Unanijibu hivyo mimi, shangazi yako?"

"Nisamehe, shangazi. Gari lije."

Alipigwa kofi mbele za watu, siku ya Idi. Hakubanduka. Daktari alisema angerudishwa mle chumbani, hata kwa muda mfupi, wangemzika.

Siku ya tatu bibi akarudi nyumbani, wakamweka uani apate jua. Akawaita wale watatu.

"Huko nilikokuwa nilimwona mama. Alinishika mkono. Nilipovutwa akaniambia neno, akasema, kamnong'oneze aliyekurudisha. Mmoja tu. Ni nani?"

Loo, mngewaona! "Mimi niliyesikia," akasema Ziada. "Ungesikia mpaka kesho, mlango ulivunjwa na nani?" akasema Sufiani. Mwajabu naye: "Mngemtoa halafu mkamrudisha ndani. Nimekula kofi mimi!"

Ziada ndiye aliyekumbuka kuuliza. "Bibi, mama yako alipolisema neno hilo, alikuwa na furaha?"

"Hapana, mjukuu wangu. Alikasirika. Mtoto wake amenyang'anywa mlangoni."

Sufiani akajishika bega lililofungwa. "Mimi nilivunja mbao tu, bibi. Asingesikia Ziada, ningejuaje?" Mwajabu akatazama chini. "Nami nilisimama tu. Aliyekubeba ni Sufiani." Ziada machozi yakamtoka. "Jiko niliweka mimi, bibi. Aliyekutia hatarini hawezi kuitwa mwokozi." Tangu Idi hatia ile ilikuwa ikimtafuna, sasa, kwa mara ya kwanza, aliifurahia kwa kuwa ilimwepusha na neno lile, kisha akaona haya mpaka akafunika uso.

Bibi akaweka mkono kifuani. "Wajukuu zangu, neno linanielemea. Tangu nirudi sivuti pumzi nikatosheka. Nisipolitoa kabla jua halijazama, mama atalifuata mwenyewe, anichukue pamoja nalo." Akasogea pembeni kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Basi ni hapo. Suala la kuweka jiko la mkaa chumbani mwa mzee siwaulizi, nadhani mmesikia. Ninalouliza ni hili, na jua halingojei: kati ya Ziada, Sufiani na Mwajabu, nani hasa alimrudisha bibi, akakae pale? Na wewe unayenyoosha kidole kwa mwenzio, kama ungekuwa mmoja wao, ungeinamisha sikio?