Adabu ya Kuingia Shimoni

Siku ya Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa kumi, saa tisa kasoro robo alasiri, Mama Ngiri alikwenda kunywa maji na hakurudi.

Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa pili. Bwawa lilikuwa limebaki dimbwi moja lenye tope, na dimbwi hilo Simba alikuwa amelikalia. Alisema analilinda kwa manufaa ya wote. Hao wote walikunywa pale tu alipokuwa hayupo. Mchana ule ilimfikia Mama Ngiri habari kwamba Simba amehamia bonde la pili. Hakuuliza zaidi, kwa sababu watoto wake watatu walikuwa hawajanywa tangu juzi. Alimwambia binti yake mkubwa, Mashavu, "Nikichelewa, waingize wenzio shimoni. Mnajua namna."

Namna yenyewe ilikuwa desturi ya ngiri tangu walipokuwa ngiri. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Hufika mlangoni, husema Bismillahi, hugeuka, kisha huingia kinyumenyume, ili uso na meno vibaki vikitazama nje. Mkubwa huingia wa mwisho.

Watoto walingoja hadi jua likazama. Mashavu akawaingiza wadogo zake, Sururu na Tatu, kisha akaingia yeye, akakaa mahali alipokuwa akikaa mama yake. Meno yake ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza, mafupi kama miiba ya mgunga.

Matanga yalifana. Simba alituma salamu kwamba amehuzunishwa mno na msiba huo na anafuatilia kwa karibu chanzo chake. Salamu zilichelewa kidogo, kwa kuwa alikuwa amelala, ameshiba. Fisi alilia kuliko wafiwa. Alijibwaga chini, akagaragara, akainuliwa, akaona chakula cha wafiwa hakijaguswa, akakimaliza, kisha akajibwaga tena.

"Dada yangu!" alilia. "Umeniachia watoto hawa, mimi nani?"

"Kwani ni dada yake?" pundamilia mmoja alinong'ona.

"Nyamaza," mwenzake akamjibu. "Ukiuliza sana, watakupa wewe uwalee."

Hilo lilitosha. Ikaundwa Kamati ya Yatima, Fisi akiwa mwenyekiti na Sungura katibu. Sungura alijua vizuri Fisi hula nini. Lakini alikuwa ameahidiwa kivuli cha mti ulio juu ya shimo la ngiri, siku shimo litakapobaki tupu, na wakati wa ukame kivuli si kitu cha kukataa kwa haraka. Akaandika: "Mjomba amekubali kuwalea kwa moyo mkunjufu."

Mjomba alikuja kila magharibi kuwaaga wapwa zake. Siku ya kwanza aliingiza pua mlangoni ili ambusu Tatu, akakutana na meno ya Mashavu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikaa kando, akawa anairamba pua yake na kufikiri.

"Wanangu," alisema hatimaye, "nani aliwafundisha kuingia nyumbani kwa makalio?"

"Mama," akasema Tatu.

"Mungu amrehemu. Hakupata bahati ya kutembea. Huko kwa waungwana, mtu huingia kwa uso, akaitazama nyumba yake kwa heshima. Ninyi mnaipa nyumba mgongo! Wenzenu wanawacheka. Mnaitwa watoto wa kinyumenyume."

Ilikuwa kweli. Watoto wa swala waliwaita hivyo, kwa kuwa Fisi mwenyewe aliwafundisha. Jina hilo lilimuuma sana Sururu, na ilipofika siku ya thelathini hakuvumilia tena.

"Dada, tuingie kwa vichwa tu, yaishe," alisema. "Mjomba ametuletea hata matango ya porini. Mama hajatuletea kitu siku thelathini."

Mashavu alitaka kumpiga. Aliinua kichwa ampige, akaona mbavu za mdogo wake zinavyohesabika, akamsogezea tango lake.

"Mama hakukataa kuja, Sururu," alisema. "Na tukiingia kwa vichwa, mlango atauangalia nani?"

"Mjomba kasema atauangalia yeye."

"Ndilo ninaloliogopa."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri baada ya dua, Mashavu alichimba mizizi katika ardhi ngumu mpaka pua ikachubuka. Wadogo zake wakila, yeye alikwenda kwenye kichuguu akanoa meno, upande mmoja, kisha wa pili.

Ikafika siku ya arobaini. Wanyama wote walikuja, na Simba mwenyewe akaja kama mgeni rasmi. Fisi alikuwa amepanga kwamba baada ya dua watoto waonyeshe adabu mpya mbele ya mgeni. Sungura alisimama kivulini akasoma: "Sasa yatima wataingia kwa vichwa, mmoja mmoja, mwenyekiti akiwa nyuma yao kuwasaidia."

Mashavu alipiga magoti mbele ya Fisi. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, ingieni, msiwachoshe wageni."

"Tutakutanguliaje, Mjomba? Kwenye nyumba ya msiba mkubwa ndiye huingia kwanza. Tukikutangulia mbele ya mgeni rasmi, watu watasema hukutufunza kitu."

"Kweli kabisa," akaguna Nyati mzee, na wenzake wakatikisa pembe. "Mtoto huyu amelelewa."

Fisi alilitazama shimo. "Mimi naijua adabu hiyo tangu zamani," alisema. "Sina haja ya kuingia."

"Basi tuonyeshe, Mjomba. Sisi watoto tunajifunza kwa macho."

"Ingia, bwana," Simba akasema akipiga miayo. "Tumekaa sana."

Fisi akaingiza kichwa, kisha mabega. Shimo la ngiri hupinda baada ya hatua mbili, na mabega ya Fisi ni mapana, hayapindi. Akakwama. Nje vilibaki mkia, makalio, na miguu miwili inayoparura vumbi. Ndani kulikuwa na giza, haoni hata ncha ya pua yake.

Mashavu alisogea nyuma yake, mahali pale pale Fisi alipopanga kusimama yeye. Akamgusa paja kwa ncha ya jino. Hakumchoma. Alimgusa tu.

Sauti ikalia kutoka ardhini: "Mzee Simba, usinile mimi! Si tumekubaliana? Yule mdogo awe wako, wawili wawe wangu! Nilikuletea mama yao, nikamwambia umehamia bonde la pili, na hata mfupa hukuniachia! Subiri kidogo, Mzee, nitakuletea na wana!"

Hakuna aliyecheka. Macho yote yakamgeukia Simba.

Simba aliweza kuvumilia mengi. Kuitwa katili alikupenda. Lakini kuitwa mshirika wa Fisi, mbele za watu, hakukuweza.

"Mimi? Nigawane nyama na huyu?" alinguruma. "Sijawahi kumwona!"

Na ili kuthibitisha kwamba hamjui, akamng'ata mkia akamvuta kwa nguvu zake zote. Fisi alitoka, mkia ukabaki kinywani mwa Simba. Akakimbia upande asioujua, na hadi leo hajarudi. Simba naye alipotema mkia aliona nyati wamejipanga bega kwa bega wakimtazama. Akakumbuka kwamba ana shughuli bonde la pili. Safari hii habari ilikuwa ya kweli.

Sungura alikohoa. "Kamati," alisoma, "ilikuwa na shaka na mwenyekiti tangu mwanzo."

"Ndugu katibu," akasema Mashavu, "kivuli hicho ulimosimama ni cha mlango wetu."

Sungura akakiacha, akaenda kusimama juani.

Tangu siku ile, wanyama wa bonde lile wakimwona mtu analia kuliko wafiwa, humtazama kwanza amesimama upande gani wa mlango.

Jioni, baada ya kunywa maji ya dimbwi mpaka wakatosheka, watoto walirudi nyumbani. Tatu akaingia kinyumenyume. Sururu akasema Bismillahi, akageuka, akasita.

"Dada, leo nikae karibu yako, mlangoni."

"Kaa," alisema Mashavu. Akaingia wa mwisho, uso nje, akatazama njia aliyopita mama yake siku ile, akaomba:

"Ewe Mola, mrehemu mama yetu. Hana kaburi la kuzuru, lakini wewe wajua alipo. Alitoka kututafutia maji. Mnyweshe wewe."

"Amina," wakaitikia wadogo zake nyuma yake.